UCHAMBUZI: Vuta nikuvute ya hesabu katika padel ina funzo hadi Nyaramba

Mchezo wa padel uliingia mwaka 2026 na mabadiliko katika namna ya kuhesabu pointi. Kwa mtazamo wa juu juu mabadiliko hayo ni madogo, lakini yanagusa swali linaloikabili kila michezo ya ushindani: je, hesabu imlinde aliye bora, au impe mnyonge nafasi ya kumwangusha mwenye nguvu?

Katika mashindano ya kulipwa ya Premier Padel, ile iliyojulikana kama pointi ya dhahabu, ambayo ilimaliza gemu mara tu pande mbili zilipofungana 40 kwa 40, imeondolewa. Mahali pake pamechukuliwa na utaratibu unaoitwa Star Point, yaani pointi ya nyota, ambao unawapa wachezaji muda zaidi kabla ya kufikia pigo la mwisho.

Kwa wakazi wa Nyaramba, katika Kaunti ya Nyamira, huenda habari hizo zikaonekana kuwa za mbali. Padel huchezwa ndani ya kuta za vioo, na viwanja vya mchezo huo nchini Kenya vimejengwa hasa jijini Nairobi katika miaka ya karibuni. Watoto wa Gusii wamezoea voliboli, mchezo unaohitaji milingoti miwili, wavu na kipande cha ardhi tambarare, kitu ambacho chenyewe hakipatikani kwa urahisi katika nchi ya milima.

Hata hivyo, zipo sababu za kuifuatilia habari hii kwa makini. Voliboli yenyewe ilipitia mabadiliko ya aina hiyo zaidi ya miaka 25 iliyopita. Mkenya mmoja naye amekwisha kupata taji kubwa la tenisi kupitia hesabu ya namna hiyo. Na shule za Kenya zimeanza kuwafundisha vijana michezo kama taaluma ya kusomewa. Katika hali hiyo, anayeelewa jinsi hesabu inavyofanya kazi ana faida juu ya anayeipokea tu.

Mchezo wa ndani ya vioo

Padel ulibuniwa mwaka 1969 na Enrique Corcuera, nyumbani kwake katika mji wa Acapulco, Mexico. Kutoka huko ulivuka bahari mwaka 1974 hadi Marbella, Uhispania, na baadaye kuenea Argentina. Shirikisho la kimataifa la mchezo huo lilianzishwa mwaka 1991.

Uwanja wake una urefu wa mita 20 na upana wa mita 10, umegawanywa kwa wavu katikati, na umezungukwa na kuta za vioo na uzio wa waya. Huchezwa na watu wanne, wawili kila upande, wakitumia raketi fupi zisizo na nyuzi.

Anayeanzisha mpira huudundisha chini kwanza, kisha huupiga ukiwa usawa wa kiuno au chini yake, kuelekea kisanduku cha upande wa pili kwa mshazari. Ana nafasi mbili. Mpira ukishadunda katika kisanduku hicho unaweza kugonga kioo na mchezo ukaendelea, lakini ukigonga uzio wa waya kabla ya kudunda mara ya pili huhesabiwa kuwa kosa.

Baada ya hapo, pointi hupotea kwa njia chache zinazoeleweka haraka. Mpira ukidunda mara mbili upande wako, umepoteza. Ukiupiga ukaishia wavuni, umepoteza. Ukiupiga ukagonga moja kwa moja ukuta au uzio wa wapinzani kabla ya kugusa ardhi yao, umepoteza. Ukikugusa mwilini, umepoteza vilevile. Kinachoutofautisha mchezo huu na tenisi ni kuwa mpira uliodunda ukagonga kioo nyuma yako bado uko hai, na unaweza kuupiga ukarudi ng'ambo.

Hiyo ndiyo sababu mipokezano ya padel huwa mirefu. Wazee, vijana na wageni katika michezo ya raketi huweza kurudisha mipira ambayo katika tenisi ingekuwa imekwisha kupotea. Lakini ugumu hujitokeza pale mtazamaji mgeni anapoinua macho kuangalia ubao wa matokeo.

Gorogoro na gunia

Padel imeirithi hesabu ya tenisi karibu yote. Pointi ya kwanza huitwa 15, ya pili 30, ya tatu 40, na ya nne humaliza gemu. Asili ya namba hizo haijathibitishwa. Wapo wanaozihusisha na robo za uso wa saa, lakini wanahistoria hawajakubaliana. Muhimu ni kufahamu kuwa 15 si pointi kumi na tano. Ni jina tu la pointi ya kwanza.

Jozi inayofikisha gemu sita, huku ikiwa mbele kwa gemu mbili au zaidi, hutwaa seti. Ikiwa matokeo ni gemu sita kwa tano, huchezwa gemu nyingine ili kuona kama itakuwa saba kwa tano. Zikifungana sita kwa sita, huchezwa gemu maalumu ya kuvunja sare, ambapo pointi huhesabiwa moja, mbili, tatu hadi saba, kwa sharti la kuongoza kwa pointi mbili. Jozi itakayotwaa seti mbili ndiyo mshindi.

Kwa hiyo kuna ngazi tatu: pointi hujaza gemu, gemu hujaza seti, na seti huleta ushindi. Mtu wa soko la Nyaramba anaweza kuufananisha mpango huo na biashara ya mahindi. Punje hujaza gorogoro, na gorogoro hujaza gunia. Tofauti ni moja, nayo ni kubwa: katika padel, gorogoro ambayo haikujaa humwagwa. Jozi iliyofikisha 40 kisha ikashindwa gemu haibaki na chochote, na gemu inayofuata huanza kwa sifuri kwa sifuri.

Tokeo la utaratibu huo huwashangaza wengi. Chukua mfano wa seti iliyokwisha kwa gemu 6-4. Jozi ya kwanza ilishinda gemu zake sita kwa pointi nne kwa mbili kila moja. Jozi ya pili ilishinda gemu zake nne bila ya kuruhusu pointi hata moja. Ukijumlisha, walioshinda seti wamepata pointi 24, na walioshindwa wamepata pointi 28. Aliyepata pointi nyingi zaidi ndiye aliyekwenda nyumbani mikono mitupu.

Methali isemayo haba na haba hujaza kibaba haitoshi hapa. Katika padel, haba zina faida iwapo tu zimetua ndani ya kibaba kilichojaa. Wachezaji wazoefu wanalijua jambo hilo, na ndiyo maana nguvu zao huzielekeza kwenye pointi chache zinazoamua gemu kuliko kwenye zile za gemu ambayo tayari imekwisha kupotea.

Upo utaratibu mwingine wa kuhesabu ambao wakulima wa chai wa Nyamira wanaufahamu vizuri. Majani mabichi yanapofikishwa katika kituo cha kununulia, kila kilo huandikwa na hakuna inayopotea kwa kuwa haikujaza kipimo fulani. Voliboli ya siku hizi inakaribia zaidi mtindo huo ndani ya seti: kila mpokezano huleta pointi, na kila pointi hubaki ubaoni hadi seti iishe.

Pale panapofungana

Mgogoro wa padel uko mahali pamoja tu: pande mbili zinapofungana 40 kwa 40.

Chini ya utaratibu wa asili, uitwao wa faida, jozi inayopata pointi baada ya sare hiyo huwa imetangulia tu. Inapaswa kushinda nyingine tena ili kuchukua gemu. Ikishindwa, matokeo hurudi kwenye sare, na hali hiyo inaweza kuendelea bila ya ukomo.

Mwaka 2020, mashindano ya World Padel Tour, ambayo wakati huo ndiyo yaliyokuwa makubwa zaidi ya kulipwa, yaliingiza pointi ya dhahabu. Kwa utaratibu huo, matokeo yakiwa 40 kwa 40 huchezwa pointi moja tu, na anayeishinda huchukua gemu. Jozi inayopokea mpira hupewa haki ya kuamua ni mchezaji wake yupi, wa kulia au wa kushoto, atakayepokea, ila wachezaji hao hawaruhusiwi kubadilishana nafasi.

Pointi ya nyota ni mapatano kati ya pande hizo mbili. Matokeo yakifungana 40 kwa 40 kwa mara ya kwanza, utaratibu wa faida hutumika. Jozi iliyotangulia ikishindwa kumaliza, sare ya pili nayo huchezwa kwa faida. Ni pale tu sare inapotokea kwa mara ya tatu ndipo huchezwa pointi moja ya kuamua.

Kwa hesabu rahisi, gemu yenye pointi ya dhahabu haiwezi kuzidi pointi saba. Gemu yenye pointi ya nyota haiwezi kuzidi pointi 11. Gemu ya utaratibu wa zamani haina kikomo.

Je, tofauti hizo zinabadilisha mshindi? Hesabu ya uwezekano inatoa jibu. Tuseme jozi fulani ina uwezo wa kushinda pointi sita katika kila 10 dhidi ya wapinzani wake, na kila pointi haitegemei iliyotangulia. Gemu zitakazofikia sare ya 40 zitakuwa takriban 28 katika kila 100. Katika gemu hizo zilizofikia sare, jozi bora itashinda takriban 69 kati ya 100 chini ya utaratibu wa faida, 67 chini ya pointi ya nyota, na 60 tu chini ya pointi ya dhahabu.

Ukichukua gemu zote pamoja, zikiwemo zilizokwisha bila ya sare, jozi hiyo itashinda gemu karibu 74 katika 100 kwa utaratibu wa faida, 73 kwa pointi ya nyota, na 71 kwa pointi ya dhahabu.

Kwa hivyo pointi ya dhahabu haimfanyi mnyonge kuwa bingwa. Inachofanya ni kumpunguzia mwenye nguvu kinga aliyokuwa nayo katika nyakati za mvutano. Utaratibu wa faida hudai mtu athibitishe ubora wake mara mbili mfululizo. Pointi ya dhahabu humwuliza mara moja tu. Pointi ya nyota imemrudishia aliye bora sehemu kubwa ya kinga hiyo, huku ikizuia gemu isirefuke kupita kiasi.

Siku Okutoyi alipotwaa taji

Kenya ina ushahidi wake kuhusu uzito wa hesabu za aina hii, ingawa unatoka katika tenisi, mchezo ulioizaa hesabu ya padel.

Mwezi Julai mwaka 2022, Angella Okutoyi alikuwa Mkenya wa kwanza kutwaa taji la vijana katika mashindano makubwa ya tenisi ya Grand Slam. Akishirikiana na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi, alishinda fainali ya wasichana wawili wawili ya Wimbledon, mjini London, dhidi ya Kayla Cross na Victoria Mboko wa Canada.

Matokeo yalikuwa 3-6, 6-4 na 11-9. Tarakimu hizo mbili za mwisho si za seti ya kawaida. Ni za gemu ya kuvunja sare ya pointi 10, ambayo huchezwa badala ya seti ya tatu, na ambayo mshindi wake ni sharti aongoze kwa pointi mbili.

Anayejumlisha gemu za seti mbili za kwanza atagundua kuwa Okutoyi na mwenzake walikuwa wamepata gemu tisa, na wapinzani wao 10. Lau kama gemu zote zingewekwa katika kapu moja, Wakanada wangekuwa mbele. Kwa mujibu wa kanuni zilizowekwa kabla ya mechi, seti zilikuwa moja kwa moja, na kila kitu kiliamuliwa na pointi 20 za mwisho.

Hilo halipunguzi hadhi ya ushindi huo hata chembe. Wapinzani hawakuwa wa kubahatisha: Mboko, ambaye wazazi wake walitoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo, alikuja kutwaa taji la wanawake la mashindano ya Canada yaliyofanyika Montreal mwaka 2025. Pande zote mbili zilijua hesabu ingekuwaje, na walioshinda ni wale waliopata pointi zao wakati zilipohitajika zaidi.

Lakini mechi hiyo inaonyesha kuwa hesabu si chombo cha kuandikia matokeo tu. Ni sehemu ya mchezo wenyewe, sawa na wavu na raketi. Kufupishwa kwa seti ya tatu kuliwapa wasichana hao wawili mlango, nao wakaupita.

Muda, fedha na televisheni

Michezo mingi imekuwa ikifupishwa kwa sababu zinazofanana. Katika tenisi, gemu ya kuvunja sare ilipata nafasi katika mashindano ya wazi ya Marekani mwaka 1970, baada ya kampeni ndefu ya Mmarekani James Van Alen. Mwaka 2006, mashindano ya wanaume wawili wawili ya kulipwa yaliondoa utaratibu wa faida na kuweka gemu ya pointi 10 badala ya seti ya tatu.

Wimbledon ilichelewa, na ikalipia. Mwaka 2010, John Isner wa Marekani na Nicolas Mahut wa Ufaransa walicheza mechi ya saa 11 na dakika tano, iliyochukua siku tatu. Seti ya tano peke yake iliisha kwa gemu 70 kwa 68. Tangu mwaka 2022, mashindano yote manne makubwa hutumia gemu ya pointi 10 seti ya mwisho inapofungana sita kwa sita.

Sababu ya kwanza ni televisheni. Kituo kinachonunua haki za kuonyesha mchezo hutaka kujua utaanza saa ngapi na utaisha saa ngapi. Sababu ya pili ni miili ya wachezaji, ambao hutakiwa kucheza tena siku inayofuata. Sababu ya tatu ni msisimko: pointi moja inayoamua gemu huwafanya watazamaji wasimame.

Katika padel kuna sababu ya nne, inayomhusu mchezaji wa kawaida. Uwanja wa padel hukodishwa kwa saa. Watu wanne waliochangia kodi ya uwanja hupenda kuona mechi imekwisha kabla ya kundi linalofuata kubisha mlango. Kwao, pointi ya dhahabu ni njia ya kubana muda, na huenda ikaendelea kutumika katika viwanja vya burudani hata baada ya wachezaji wa kulipwa kuiacha.

Nguvu ya fedha haikosekani pia katika ngazi ya juu. Premier Padel ilianzishwa mwaka 2022 kwa msaada wa kampuni ya uwekezaji wa michezo ya Qatar, ambayo baadaye iliinunua World Padel Tour, na kuanzia mwaka 2024 mashindano hayo yamekuwa chini ya paa moja. Maamuzi ya namna ya kuhesabu sasa hufanywa na mikono michache, na mataifa mapya katika mchezo huo huyapokea yakiwa yamekwisha kukamilika.

Wanaotetea pointi ya dhahabu wanasema kuwa imeuchangamsha mchezo na kuwafanya wachezaji wenye majina makubwa wasilale. Wanaoipinga wanasema haki haitendeki pale kazi ya pointi sita inapoamuliwa na mpira mmoja uliogusa utepe wa wavu ukaangukia ng'ambo. Hoja zote mbili zina ukweli. Kinachobaki ni kuchagua kosa lipi ni afadhali: gemu isiyokwisha, au gemu iliyokwisha mapema mno.

Voliboli ilikwisha kupita huko

Wale wa Nyaramba waliocheza voliboli shuleni kabla ya mwaka 1999 wanaukumbuka utaratibu wa zamani. Timu ilipata pointi iwapo tu ndiyo iliyoanzisha mpira. Ikishinda mpokezano ulioanzishwa na wapinzani, ilipata haki ya kuanzisha tu, na ubao haukusogea. Seti ilikuwa ya pointi 15, lakini hakuna aliyeweza kusema ingechukua muda gani.

Mwaka 1998, shirikisho la kimataifa la voliboli liliamua kuwa kila mpokezano ulete pointi, na kuwa seti iwe ya pointi 25, isipokuwa ya tano iliyobaki 15. Walalamikaji hawakukosekana. Walisema mchezo umeharibiwa, kwamba timu iliyo nyuma haitaweza tena kupigana hadi irudi juu, na kwamba kosa moja la kuanzisha mpira lingegharimu kupita kiasi.

Mashindano ya Olimpiki ya kwanza kutumia hesabu hiyo yalikuwa yale ya Sydney mwaka 2000. Ndiyo hayo hayo ambayo timu ya wanawake ya Kenya ilishiriki Olimpiki kwa mara ya kwanza katika voliboli.

Rekodi ya timu hiyo barani Afrika inatoa funzo. Chini ya hesabu ya zamani, Kenya ilitwaa ubingwa wa wanawake wa Afrika mwaka 1991, 1993, 1995 na 1997. Chini ya hesabu mpya ilitwaa tena mwaka 2005, 2007, 2011, 2013, 2015 na 2023. Hesabu ilibadilika, na timu ikajirekebisha. Mpigo wa kuanzisha, ambao zamani ukikosewa uligharimu haki ya kuanzisha tu, ukawa silaha inayopaswa kupimwa kwa uangalifu, kwa kuwa kila kosa sasa ni pointi ya mpinzani.

Michezo mingine ilifuata njia hiyo hiyo. Tenisi ya mezani iliteremsha hesabu yake kutoka 21 hadi 11 mwaka 2001. Mpira wa vinyoya ulianza kutoa pointi kwa kila mpokezano, hadi 21, mwaka 2006. Katika kila mabadiliko, waliochelewa kuielewa hesabu mpya ndio walioumia kwanza.

Lililo mbele ya Gusii

Mwezi Januari mwaka 2026, wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 waliingia shule za sekondari ya juu chini ya mtaala wa umilisi. Mtaala huo una mikondo mitatu, na mmojawapo ni wa Sanaa na Sayansi ya Michezo. Kwa mara ya kwanza, kijana wa Kenya anaweza kuuchagua uwanja wa michezo kama njia ya masomo, wala si mahali pa kwenda baada ya kengele ya mwisho.

Ni dhahiri kuwa shule ya kijijini haitajenga uwanja wa vioo. Gharama ni kubwa, na hakuna sababu ya kuudai uwanja huo wakati ambapo shule nyingi zinahitaji mipira na nyavu. Padel haiwezi kuchezwa barabara bila ya kuta, na itakuwa kuwadanganya vijana kuwaambia vinginevyo.

Lakini hesabu haihitaji kioo. Ubao, chaki na mwalimu aliye tayari vinatosha kumfundisha mwanafunzi jinsi gemu inavyojaza seti, kwa nini walioshinda pointi 24 wanaweza kuwapiku wenye 28, na jinsi uwezekano wa kushinda unavyobadilika kutoka utaratibu mmoja hadi mwingine. Hilo ni somo la michezo, na ni somo la hisabati pia. Tenisi, voliboli na mpira wa vinyoya vimo tayari katika mashindano ya shule za sekondari, na kila kimoja kinatoa mfano.

Ipo pia kazi ya uamuzi. Kila mchezo unaokua huhitaji waamuzi, waandishi wa matokeo na waandaaji wa ratiba, na kazi hizo hazimtaki mtu awe amezaliwa karibu na uwanja wa kifahari. Humtaka aijue kanuni kuliko wachezaji wenyewe. Mwamuzi asiyejua kuwa katika pointi ya dhahabu ni jozi inayopokea ndiyo inayochagua upande, anaweza kuvuruga mechi nzima kwa neno moja.

Kwa wasimamizi wa padel nchini, jambo la kuzingatia ni uwazi. Kwa kuwa sasa kuna utaratibu wa faida, wa dhahabu na wa nyota, mashindano yoyote yanapaswa kutangaza kabla ya pigo la kwanza ni upi utakaotumika. Hesabu inayobadilishwa katikati ya mashindano, au inayofahamika kwa upande mmoja tu, huondoa haki hata kama kila pointi imechezwa kwa usafi.

Upo pia uamuzi wa kimkakati. Kenya bado ni mgeni katika padel, na wachezaji wake wakikutana na wale wa Uhispania au Argentina watakuwa ndio wanyonge. Kwa muda huu, hesabu fupi zina manufaa kwao, kwani humpa asiyetarajiwa nafasi ya kushinda. Ikiwa siku moja watakuwa ndio wenye nguvu, watautamani utaratibu wa faida. Kwa hiyo Wakenya wanaojifunza mchezo huo leo wanapaswa kuzoezwa kucheza pointi ya kuamua bila ya kutetemeka, na wakati huo huo wazoezwe uvumilivu wa gemu ndefu, kwa sababu kanuni za mwaka 2020 hazikudumu hadi 2026, na hakuna dhamana kuwa za 2026 zitadumu muda mrefu zaidi.

Mkulima wa Nyamira anayepeleka majani kituoni huitazama mizani kabla ya kulitazama gunia lake. Anajua kuwa jasho la asubuhi nzima litasomwa na kipimo ambacho hakukitengeneza yeye. Vijana wa Nyaramba watakaoingia katika michezo, uwe wavu wa voliboli, tenisi au padel, watakutana na mizani ya namna hiyo. Wakiisoma vizuri kabla ya mechi kuanza, watajua ni pointi gani ya kuipigania kufa na kupona, na ni ipi ya kuiacha ipite.